Pesa Yatima

Alkhamisi ndiyo siku ya mizani.
Lori la Msabaha huingia kinyumenyume
uwani kwetu, Machomane, Chake,
nyuma ya vioo tunamouzia magari yanayong'ara,
na vijana wa gereji huanza kuburura:
diski za breki zilizolika kama visigino vya kandambili,
ekzosi zilizotoboka, rejeta,
betri kumi na moja zilizokwisha pumzi.
Msabaha huning'iniza mizani, hutema mate pembeni,
huzisoma kilo kwa sauti ya msoma hitima
anayetaka kuwahi chakula.
Makame Faki wa stoo hutazama mshale.
Mimi hutazama kidole cha Msabaha.

Laki moja na elfu arubaini na mbili.
Hazina risiti. Hazipandi juu kwa Bwana Sleyum.
Huingia kopo la maziwa ya unga
chini ya kaunta yangu,
na kopo lina jina: Yatima.
"Pesa hizi hazina baba wala mama," husema Makame.
"Gari mteja kalipia, kipuri mteja kalipia,
kilichobaki ni taka,
na taka ni za mwenye ufagio."

Nami, Shuweikha, mshika funguo,
nifungaye hesabu za duka hadi shilingi ya mwisho,
nilikuwa nikikandamiza kifuniko kwa kiganja
na kusema hewala.
Chai ya saa nne ilitoka humo.
Rambirambi ya mamake Hafidh ilitoka humo,
na sitoikana, ilikuwa rambirambi nzuri.
Ikatoka humo pilau ya Mfunguo Tatu,
nikala, tena nikaomba ukoko.

Kisha akaja Bi Mize Shaame, kutoka Kangagani,
na kikapu cha ukili kichwani,
na ndani ya kikapu stata mbovu ya kigari chake,
kaifunga kanga kuukuu kama mtoto mchanga.
"Mlinambia nikirejesha ya zamani
mtanirejeshea elfu thelathini yangu.
Haya, mtoto huyu.
Yangu iwapi?"

Nikavuta droo. Droo ni ya Bwana Sleyum,
kila noti ina mlinzi.
Nikainamia kopo.
Ndani mlikuwa na shilingi mia nne
na nati moja ya gurudumu.
Amana yake tuliichanganya na vyuma,
tukaila kwa zabibu na iliki.

Makame akakohoa.
"Aje wiki ya pili, bibi. Taratibu za ofisi."
Bi Mize akakaa kwenye kiti cha wanunuzi wa magari mapya,
akavua viatu, akatoa tasbihi,
akazipitisha shanga mojamoja, polepole,
kama aliyeletwa kutuonyesha
kuhesabu kunavyofanywa.

Ndipo neno la Makame likanirudia,
kama kipuri kibovu kirudishwacho dukani:
yatima.
Nani kati yetu hakukaa chuoni,
bakora ya maalimu ikimtazama,
akafunzwa anakula nini hasa
alaye mali ya yatima?
Tumbo langu likaukumbuka ukoko.

Nikatoa elfu thelathini mkobani mwangu,
za ada ya mwanangu, kumikumi.
Akazipokea, akazigeuza, akazisogeza puani.
"Mbona zanukia asumini?
Pesa za hapa hunuka girisi."
Sikumjibu.
Akavaa viatu vyake, akanitazama kidogo,
akaenda zake na kanga yake.

Usiku ule nikapiga mistari katika daftari.
Vyuma. Vilivyorudi. Amana za watu.
Mstari wa kwanza: stata moja, Bi Mize, imelipwa.
Wadaiwa: sote tuliokula.

Tangu hapo chai ya saa nne
hainifikii ikiwa moto.
Vijana hunyamaza nikipita uwani,
na Msabaha, akiniona na kalamu,
huuweka mbali mkono wake na mizani.

Leo Makame kaweka elfu mbili juu ya kaunta,
zimekunjwa hata zimekuwa kama hirizi.
Hakusema za nini.
Nikaandika.
Bado ishirini na nane.